Oksidi zinazogeuza joto kuwa umeme: atomu chache za kigeni njo zinaamua

Kila magaribi mu Goma, Bukavu ao Bunia, mbabula zinawaka karibu mu kila kiwanja. Sombe inaiva, maji ya kuoga inapata moto, na sehemu kubwa ya joto la makala inapotelea hewani. Mu nyumba ile ile, saa ile ile, kuna mtu anayezunguka na simu mkononi akitafuta mahali pa kuichaji. Ni wengi wanaojiuliza kama hilo joto linalopotea haliwezi kugeuzwa umeme.

Linaweza. Kuna vitu ambavyo ukivipasha moto upande mmoja na kuacha upande wa pili baridi, vinatoa umeme vyenyewe: bila mota, bila maporomoko ya maji, bila jua. Vinaitwa vitu vya termoelektriki. Tayari kuna majiko ya kuni yanayouzwa inchi mbalimbali yenye kipande cha namna hiyo ndani, kinachozungusha feni ndogo na kuchaji simu. Lakini kipande hicho, mara nyingi, kimetengenezwa kwa bismuti na teluri, na vitu hivyo viwili havipendi moto mkali. Kikipita nyuzi 250 hivi, kinaanza kuharibika, na ile risasi ya kuunganishia vipande inaweza kuyeyuka. Jiko la makala, kama kila mama anavyojua, halingojei ruhusa ili kupita hapo.

Njo sababu watafiti walianza kuangalia upande wa oksidi. Oksidi ni kitu ambacho kimekwisha kuungana na oksijeni. Kutu ya chuma ni oksidi, unga mweupe wa zinki ulio mu pomadi ya watoto ni oksidi. Kitu kilichokwisha kuungua hakiogopi tena kuungua. Oksidi nyingi zinaweza kukaa mu moto wa nyuzi 700 ao 1,000, hewani, miaka na miaka. Shida yake ni moja, na ni kubwa: nyingi hazipitishi umeme. Sahani ya udongo ni oksidi pia, na hakuna mtu aliyewahi kupigwa na umeme kwa kushika sahani.

Makala hii inaeleza namna shida hiyo inavyotatuliwa, kwa kazi inayoitwa dopaji. Haihusu wachezaji wa mpira na sindano zao. Dopaji ya hapa ni kuingiza, ndani ya kitu safi, atomu chache za kitu kingine, kwa makusudi na kwa kipimo. Na kwa wakaaji wa mashariki ya Kongo habari hii haiko mbali sana, kwa sababu mbili kati ya atomu zinazotumika, niobi na kobalti, zinatoka pia mu udongo wa inchi hii.

Taa ya petroli iliyolisha redio

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck, mtu aliyezaliwa Reval, mji unaoitwa leo Tallinn, aliunganisha metali mbili tofauti kuwa duara, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alifikiri ni sumaku. Baadaye ilieleweka kwamba joto lilikuwa linasukuma umeme ndani ya duara, na umeme njo uliogeuza sindano. Hata hivyo jina lake lilibaki: kiasi cha volti ambacho kitu kinatoa kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kinaitwa kipimo cha Seebeck.

Kwa metali za kawaida kipimo hicho ni kidogo hadi kinachekesha. Shaba nyekundu inatoa karibu mikrovolti 2 kwa kila nyuzi, ni kusema sehemu 2 za milioni za volti. Vitu vizuri vya termoelektriki vinatoa 200 hivi. Chukua kipande cha mikrovolti 200, weka tofauti ya nyuzi 300 kati ya upande wa moto na wa baridi: unapata volti 0.06. Simu inataka volti 5. Basi lazima vipande zaidi ya 80 vifuatane, kimoja nyuma ya kingine, na umeme unapoanza kutumika volti inashuka, kwa hiyo hesabu ya kweli inakaribia mara mbili ya hiyo. Ukifungua kifaa cha namna hii, njo unaona ule msitu wa vinguzo vidogo vimesimama katikati ya sahani mbili.

Watu wa redio wana sababu yao ya kukumbuka historia hii. Mu miaka ya 1950, mu Umoja wa Kisovieti, vijiji visivyokuwa na umeme vilipata taa ya petroli iliyozungukwa na mabawa ya metali pale juu ya kioo. Kati ya moto wa taa na ubaridi wa mabawa kulikuwa na vipande vya zinki na antimoni. Taa iliangaza nyumba, na joto lake lilisikilizisha watu redio. Nyuma ya juhudi hizo kulikuwa mwanafizikia Abram Ioffe, na ni yeye aliyeonyesha wazi kwamba njia haiko mu metali safi. Iko mu vitu vya katikati, visivyopitisha umeme sana wala kidogo sana, na ambavyo vinaweza kurekebishwa kwa dopaji.

Barabara, chukudu na mzigo

Kitu cha termoelektriki kinadaiwa mambo matatu kwa pamoja. Kwanza kipimo cha Seebeck kiwe kikubwa, ili volti ipatikane. Pili umeme upite bila kizuizi, maana kama ndani kuna upinzani mkubwa, umeme unaisha mulemule ndani ukigeuka joto tena. Tatu joto lenyewe lisipite kwa urahisi, kwa sababu likipita haraka, pande zote mbili zinakuwa na moto sawa na kazi inakwisha. Wataalamu wanakusanya hayo matatu mu namba moja wanayoiita ZT. Kitu kikifika ZT 1, kinaonekana kizuri. Kilicho na 0.1 kinabaki mu laboratware.

Dopaji inagusa hasa mambo mawili ya kwanza, yale ya umeme, na hapa njo inafaa kutulia kidogo.

Ndani ya kitu chochote, umeme unabebwa na vibebaji. Mara nyingi ni elektroni, mara nyingine ni tundu, ni kusema mahali ambapo elektroni inakosekana: elektroni ya jirani inaruka kuziba, inaacha tundu kwake, na tundu linasafiri sawa vile kiti kitupu kinavyosogea mu kanisa watu wanapobanana. Nguvu ya kupitisha umeme inatoka mu mambo mawili: vibebaji ni vingapi, na kila kimoja kinasafiri kwa wepesi gani. Fikiria chukudu zinazoshuka na makala na viazi kuelekea Goma. Mzigo unaofika mjini kwa siku unategemea hesabu ya chukudu, na tena hali ya barabara. Chukudu mia mu matope hazileti zaidi ya ishirini mu njia kavu.

Oksidi safi ni sawa na barabara isiyo na chukudu hata moja. Njia iko, lakini elektroni zote zimefungwa mu kazi ya kushikanisha atomu, na ili kuziachilia inatakiwa nguvu kubwa kuliko ile joto la kawaida linaweza kutoa. Dopaji inaleta chukudu barabarani.

Kama ingekuwa hivyo tu, mtu angeongeza dopaji bila kupima, hadi oksidi ipitishe umeme sawa shaba. Lakini kuna deni linalolipwa upande wa pili. Kipimo cha Seebeck, ukikitazama vizuri, kinaonyesha ni joto kiasi gani kila kibebaji kinachukua safarini. Vibebaji vikiwa vichache, kila kimoja kina nafasi nyingi za kuchagua, kinachukua joto jingi, na msukumo kutoka upande wa moto ni mkubwa. Vikijaa, vinabanana, vile vya chini haviwezi kusogea, ni vya juu tu vinavyotikisika, na upande wa moto unaanza kufanana na upande wa baridi. Kwa hiyo kila unapoongeza vibebaji, umeme unapita vizuri zaidi, na volti inashuka. Metali ni mwisho wa njia hiyo: vibebaji vimejaa pomoni, volti karibu hakuna.

Mahali pazuri pako katikati. Kwa vitu vingi ni kati ya vibebaji vya hesabu ya 1 yenye sifuri 19 na 1 yenye sifuri 21 kwa kila sentimeta moja ya ujazo. Inaonekana hesabu isiyo na mwisho, lakini atomu zenyewe mu ujazo huo zinapita 1 yenye sifuri 22. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kibebaji kimoja kwa atomu elfu moja, ao kwa atomu mia moja, ao pengine kwa atomu kumi. Chini ya hapo kitu ni jiwe, juu ya hapo ni waya.

Zinki na wageni wake wawili kwa mia

Mfano unaoeleweka haraka ni oksidi ya zinki. Zinki ni metali inayofunika mabati, na mu Kongo inachimbwa Kipushi, karibu na Lubumbashi. Oksidi yake ni unga mweupe, wa bei ndogo, usio na sumu sawa risasi ao teluri.

Mu oksidi hiyo kila atomu ya zinki inatoa elektroni mbili kwa oksijeni. Aluminiamu iko na elektroni tatu za kutoa. Ukiondoa atomu moja ya zinki na kukalisha aluminiamu mahali pake, mbili kati ya hizo tatu zinafanya kazi ya zinki aliyeondoka, na ya tatu inabaki bila kazi. Hiyo ya tatu haina bwana; inatembea. Njo kibebaji.

Mwaka 1996 Michitaka Ohtaki na wenzake, mu Japani, walichapisha vipimo vya oksidi ya zinki ambamo atomu 2 kati ya 100 za zinki zilibadilishwa na aluminiamu. Uwezo wa kupitisha umeme ulipanda zaidi ya mara elfu moja kwenye joto la kawaida. Kipimo cha Seebeck kilishuka, ndiyo, sawa vile ilivyotazamiwa, lakini hakikushuka mara elfu. Na hapo hesabu iko wazi. Nguvu ya umeme inayopatikana inategemea upitishaji ukizidishwa na kipimo cha Seebeck mara mbili, ni kusema kipimo kikizidishwa kwa chenyewe. Tuseme upitishaji unapanda mara 1,000 na kipimo kinashuka mara 4: 4 kwa 4 ni 16, na 1,000 kugawa kwa 16 ni zaidi ya 60. Umelipa, lakini umebaki na faida kubwa. Oksidi hiyo ilifika ZT ya 0.3 kwenye nyuzi 1,000.

Kwa nini wasiweke aluminiamu 10 kwa mia? Kwa sababu zinki hamkubali mgeni mwingi. Atomu ya aluminiamu ni ndogo kuliko ya zinki, haikai vizuri mu nafasi yake, na ikipita asilimia mbili tatu hivi, ile inayozidi inajitenga na kujenga kitu chake, oksidi ya zinki na aluminiamu pamoja, ya namna inayoitwa spineli. Kitu hicho hakipitishi umeme. Kinakaa kati ya punje sawa mawe yaliyoanguka barabarani. Hata kabla ya kufika hapo, si kila aluminiamu iliyoingia inatoa elektroni yake. Ukihesabu vibebaji vilivyopo kweli, ni vichache kuliko atomu zilizotiwa. Mtu anaweza kupima unga kwenye mizani kwa uangalifu wote, na akapata oksidi mbili zenye uzito sawa wa aluminiamu lakini moja inapitisha umeme na nyingine haipitishi, kwa sababu ya namna zilivyopikwa.

Kilichoiangusha oksidi ya zinki si umeme. Ni joto: inalipitisha vizuri mno, wati 40 hivi kwa meta na nyuzi kwenye joto la kawaida, na karibu 5 kwenye nyuzi 1,000, wakati bismuti-teluri iko na 1.5 hivi. Mwaka 2009 Ohtaki na kikundi chake walitia gali pamoja na aluminiamu, 2 kwa mia kila moja, na ZT ikapanda hadi 0.65 karibu na nyuzi 975, sehemu kubwa kwa sababu joto lilizuiliwa. Mgeni wa pili alikuja kufanya kazi tofauti na ya mgeni wa kwanza.

Niobi, lantani na oksijeni inayoiba

Oksidi ya pili ni ile ya stronti na titani. Ikiwa safi haina rangi, inang'aa, hadi iliwahi kuuzwa mu bijuteri mahali pa almasi. Umeme haipitishi kabisa.

Kuna milango miwili ya kuidopa. Mahali pa stronti, inayotoa elektroni mbili, unaweza kukalisha lantani, inayotoa tatu. Ao mahali pa titani, inayotoa nne, unakalisha niobi, inayotoa tano. Kila mara inabaki elektroni moja inayotembea. Mwaka 2005 watafiti wa Nagoya, mu Japani, walitengeneza utando mwembamba sana wa oksidi hiyo wenye niobi 20 kwa mia mahali pa titani, na wakapata ZT ya 0.37 kwenye nyuzi 727. Hapa mgeni anakubaliwa kwa wingi zaidi kuliko mu zinki, kwa sababu niobi na titani zinakaribiana ukubwa.

Niobi ni jina ambalo watu wa Masisi wanalibeba mgongoni bila kulisema. Koltani ni jina lililofupishwa kutoka kolumbiti na tantaliti, na kolumbi ni jina la zamani la niobi. Wanunuzi wanahesabu kwanza tantali, lakini niobi iko mulemule mu mchanga ule mweusi. Na Lueshe, mu teritware ya Rutshuru, kuna mlima wa madini ya pirokloro, ambayo niobi njo mali yake kubwa. Upande wa lantani, Gakara mu Burundi kuna mawe yenye lantani na ndugu zake.

Lakini mu oksidi hii kuna mchezo mwingine, na ni huu unaowasumbua watafiti zaidi ya kutafuta niobi. Oksijeni yenyewe inaweza kudopa. Ukipika oksidi ya stronti na titani mu hewa ya hidrojeni, oksijeni kidogo inatoka, na kila atomu ya oksijeni inayotoka inaacha elektroni mbili nyuma. Kito kile kisichokuwa na rangi kinageuka buluu, kisha cheusi, na kinaanza kupitisha umeme, bila kutiwa kitu chochote. Ukikirudisha mu moto wa hewa ya kawaida, oksijeni inarudi mahali pake, inachukua elektroni zake, na umeme unakufa.

Hata lantani haiponi. Oksidi yenye lantani ikipikwa mu hidrojeni inatoka nyeusi na inapitisha. Lantani ile ile, kwa kipimo kile kile, ikipikwa mu hewa inaweza kutoka imefifia rangi na umeme haupiti vizuri, kwa sababu kitu kimejirekebisha: baadhi ya atomu za stronti zinatoka na kuacha nafasi tupu, na kila nafasi tupu inameza elektroni mbili. Kile ambacho mtu alitia kwa mkono wa kuume, hewa imekiondoa kwa mkono wa kushoto. Ukiwa na jiko mbele yako, swali hili si la vitabuni. Oksidi zilichaguliwa kwa sababu zinavumilia moto hewani. Oksidi inayopoteza umeme wake mu moto wa hewani imepoteza sababu ya kuchaguliwa. Njia zinazojaribiwa ni kuifunika, ao kuitumia pale tu ambapo moto hauzidi.

Kobalti, ambayo haikufuata sheria

Hadi hapa zote zinabeba elektroni. Kifaa cha kweli kinahitaji jamaa mbili, moja ya elektroni na moja ya tundu, zifuatane kwa zamu, ili volti zijumlishwe. Kwa upande wa tundu oksidi bora ni za kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, mu Lualaba na Katanga ya Juu.

Mwaka 1997 Ichiro Terasaki na wenzake walipima kristali ya oksidi ya sodiamu na kobalti. Ilipitisha umeme karibu sawa metali. Kwa sheria iliyoelezwa hapo juu, kitu cha namna hiyo kilipaswa kuwa na kipimo cha Seebeck cha mikrovolti chache tu. Kilikuwa na 100. Chukudu zilikuwa zimejaa barabarani, na bado kila moja ilibeba mzigo mzito.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba elektroni za kobalti zinabeba kitu kingine pamoja na umeme: mzunguko wao, ile sumaku ndogo ya kila elektroni, ambayo inaweza kuelekea huku ao huku. Uhuru huo wa kuelekea unaongeza mzigo wa joto unaosafiri. Mwaka 2003 watafiti wa Princeton, Marekani, waliweka kristali hiyo mu sumaku yenye nguvu, kwenye baridi kali, ili kulazimisha mizunguko yote ielekee upande mmoja. Kipimo cha Seebeck kilianguka. Ilikuwa dalili nzito kwamba mzunguko njo ulikuwa unafanya kazi.

Mu oksidi hii sodiamu yenyewe ni dopaji. Imelala kati ya tabaka za kobalti na oksijeni, sawa mchanga kati ya matofali, na kila atomu yake inatoa elektroni moja kwa tabaka. Ukipunguza sodiamu, tundu zinaongezeka. Bahati mbaya sodiamu inapenda maji ya hewani na inatoroka kwenye moto mkali, kwa hiyo kipimo cha leo si kipimo cha mwaka ujao. Wengi wamehamia kwa ndugu yake, oksidi ya kalsiamu na kobalti, inayovumilia hewani hadi karibu nyuzi 900.

Mu hiyo ya kalsiamu, dopaji inaonyesha pande zake zote. Kalsiamu inatoa elektroni mbili. Weka sodiamu mahali pake, inayotoa moja tu: elektroni zinapungua, tundu zinaongezeka, umeme unapita vizuri zaidi. Weka bismuti, inayotoa tatu: tundu zinapungua, kipimo cha Seebeck kinapanda kidogo, na umeme ulipaswa kupita vibaya. Lakini mara nyingi wanaopima wanakuta na bismuti umeme unapita vizuri vilevile, ao kuliko zamani. Sababu iko mu jiko la kupikia unga: bismuti inasaidia punje kukua na kulala upande mmoja, na tabaka zikilala vizuri barabara inanyooka. Chukudu zimepungua, lakini matope yamekauka. Kinyume chake, mgeni akiingia mu tabaka ya kobalti yenyewe, pale ambapo vibebaji vinapita, mara nyingi anaharibu njia, hata kama hesabu ya tundu ni nzuri.

Kwa hiyo mtu akisoma mahali kwamba dopaji fulani «imeongeza umeme», haijulikani bado ni nini kimetokea. Inatakiwa kuuliza kama vibebaji vimeongezeka ao kama barabara imetengenezwa. Ni mambo mawili tofauti, na la pili halilipiwi deni la kipimo cha Seebeck.

Iko wapi sasa

Kwa jiko la nyumbani, tuseme ukweli. Chukua ZT ya wastani 0.3, upande wa moto nyuzi 727 na wa baridi nyuzi 27: hata bila hasara yoyote mu viungo, hesabu haitoi zaidi ya asilimia 7 ya joto linalopita. Na kupata upande wa baridi wa nyuzi 27 karibu na mbabula inataka maji ao feni. Vifaa vya oksidi vilivyotengenezwa kweli viko chini ya hapo, kwa sababu kiungo kati ya oksidi na waya kinazuia umeme, na kwa sababu oksidi ni kavu: ikipata moto na baridi kila siku inapasuka sawa chungu kilichowekwa mu maji ya baridi kikiwa na moto. Leo pano ndogo ya jua inachaji simu vizuri zaidi na bei yake iko chini. Oksidi za termoelektriki zinatazamiwa zaidi pale ambapo kuna moto mkubwa usiozimika: tanuru za chuma, za simenti, mabomba ya moshi ya injini.

Na kwa wachimbaji, hesabu ni hii. Mu oksidi ya zinki yenye aluminiamu 2 kwa mia, kilo nzima ya unga inabeba chini ya gramu 7 za aluminiamu. Dopaji ni kazi ya vipimo vidogo, na niobi nayo inaingia kwa atomu chache mahali pa titani. Kwa hiyo anayezunguka mu karieri akisema bei ya koltani itapanda kwa sababu ya majiko ya umeme, anauza maneno. Niobi nyingi ya dunia inachimbwa Brazili na inaishia mu chuma cha mabomba na madaraja. Kobalti ni tofauti kidogo, kwa kuwa mu oksidi zake si mgeni, ni mwenye nyumba, na inaingia kwa wingi. Lakini hata hapo batri njo zinaitafuta kwanza, na bei yake ni moja ya sababu zinazowafanya baadhi ya watafiti wajaribu oksidi za manganizi, za bei ndogo, ambamo atomu chache za bismuti mahali pa kalsiamu zinatosha kuamsha umeme.